Majina Ndani ya Kengele ya Indrayani

Nasikia huko kwenye gati la manowari Bombay bado wapo wanaosimulia kwamba mke wa mpishi wa meli ya Indrayani alipandwa na pepo siku meli ilipoagwa. Pepo gani! Mimi ni Piedade Furtado, Mgoa kwa baba na kwa mama, nimebatizwa na kupata kipaimara, na pepo akinijia mimi ajue amekuja pabaya. Sikupandwa na chochote. Nilikasirika, na haki ya kukasirika nilikuwa nayo.

Mume wangu Caitan alikuwa mpishi mkuu wa meli hiyo. Ilikuwa distroya, na kama hujawahi kuolewa na mtu wa distroya, piga magoti ushukuru. Kila Jumapili, wali na mchuzi wa samaki ukiwa mezani unapoa, wageni wetu walilishwa historia kwanza. Ataanza mbali, enzi za babu zake, wakati vilipozuka viboti vidogo vya topido, yale mabomu yaendayo chini ya maji, vinavyovizia meli kubwa na kuzitoboa tumbo. Wakubwa wakaingiwa na baridi, wakaunda meli nyembamba yenye mbio ya kuvifukuza viboti hivyo na kuviharibu, wakaiita mharibifu, distroya. Vita vya kwanza vya dunia vikaja, ikabebeshwa topido yenyewe na kuambiwa ichunge meli za chakula zisiliwe na nyambizi. Vita vya pili, ikaongezewa mizinga ya kutungulia ndege. Kazi yoyote chafu baharini, ilikuwa iteni distroya.

"Ni mama wa nyumbani wa baharini," Caitan alikuwa akisema. "Apike, afue, alinde mlango, na shukrani hapati."

Hapo ndipo aliponipata, nami nikawa namjazia sahani bila kumkemea.

Indrayani iliundwa Uskoti mwaka wa arobaini, ikiwa na jina jingine la Kiingereza, na miaka yote ya vita ilikimbizana na nyambizi kwenye bahari ya Atlantiki. Mwaka wa hamsini na tatu India ikainunua, ikaipa jina la mto wetu na kuileta Bombay. Kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumba cha boila, jikoni wanamwambia afya. Lakini ilikuwa na kengele ya shaba nzito, kubwa kama sufuria ya harusi, na ndani ya kengele hiyo kulikuwa na majina.

Hii ni desturi ya manowari, Waingereza walitufundisha na wetu wakaishika. Baharia akipata mtoto, kengele inageuzwa juu chini, inatiwa maji, padri anambatiza mtoto humo humo. Kisha fundi anachonga jina upande wa ndani, na mtoto anakuwa wa meli ile. Kengele yetu ilikuja na majina ya watoto sita wa Kiingereza. Mwaka wa hamsini na nne likachongwa la saba, Aleixo Furtado, mwanangu wa kwanza.

Aleixo hakuishi. Aliondoka hata kabla hajajifunza kucheka, na baba yake alikuwa mazoezini huko Ceylon, akarudi akakuta kaburi. Tulimzika Sewri. Kila mkaaji wa Bombay anajua makaburi ya Sewri yalivyo, mji umejaa hata chini ya ardhi. Baada ya miaka michache walifungua lile kaburi wakamlaza mtu mwingine, msalaba wetu wa mbao ukaenda sijui wapi. Kwa hiyo duniani pakabaki mahali pamoja tu palipoandikwa kwamba nilizaa mtoto wa kiume, na mahali hapo ni ndani ya kengele.

Sasa fika mwaka wa sabini na sita. Distroya za mizinga zilikuwa zimekwisha kazi. Miaka mitano kabla, vijiboti vya makombora vilikuwa vimezamisha distroya ya Pakistani nje ya Karachi, na kila baharia mwenye macho alielewa. Meli iliyozaliwa kufukuza vidogo ilimalizwa na vidogo. Indrayani ikaandikiwa kustaafu, ikakatwekatwe iwe chuma chakavu huko Darukhana, wanakovunja meli, na kengele ipelekwe shule moja ya bweni ya wana wa wanajeshi, kule milimani Panchgani. Mimi sikuona ubaya. Nikasema heri, mwanangu ataenda kwenye hewa nzuri.

Jioni moja Caitan akarudi chumbani kwetu Mazagaon, akakaa mbele ya sahani, hakugusa kitu. Mpishi akikataa kula, ujue kuna msiba.

"Sema," nikamwambia.

"Kamati ya sherehe imeikagua kengele. Wamesema haiwezi kutundikwa shuleni ikiwa na majina ya Waingereza. Yasagwe yote, ndani iwe laini."

"Ya Waingereza. Sawa. Na la Aleixo?"

Akawa anaviringisha tonge la mkate kwa vidole.

"Caitan, nakuuliza."

"Wamesoma Furtado, wakasema hilo ni la Kireno, nalo ni la kigeni. Majina saba ya kigeni, ndivyo walivyoandika."

"Ala! Mwaka wa sitini na moja, meli zetu ziliposimama nje ya Goa kuwatoa Wareno, kengele za kanisa la kijijini kwenu zikilia hatari, nani alikuwa baharini akiwapikia dengu? Mwingereza?"

"Mimi."

"Furtado!"

"Piedade, majirani wanasikia."

"Wasikie! Waje hata na viti! Na wewe ukajibu nini?"

"Amri ni amri. Unajua hali ya nchi ilivyo."

Nilijua. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari, watu walikuwa wakifungwa kwa neno moja tu, na Caitan alikuwa amebakiza siku chache astaafu na beji zake za mwenendo mwema zilizoshonwa mkono wa shati, zote, bila doa. Nilijua na sikujali. Nilimwambia ana moyo wa kuku wa kizungu, nikachukua sahani yake nikampa paka. Usiku ule tulilala tumepeana migongo.

Siku ya kuiaga meli tulialikwa familia zote kunywa chai sitahani. Nikavaa gauni langu la kijani la Pasaka na viatu vya kisigino, nikapanda ngazi kama mwenye meli. Juu ya mlingoti ilikuwa imefungwa ile bendera nyembamba ya meli inayostaafu, ndefu kama meli yenyewe, mkia wake ukichezea majini. Wake za mabaharia walikuwa wanafuta machozi. Mimi machozi sikuja nayo. Nilipitiliza meza ya sambusa nikaenda moja kwa moja kwenye kengele, nikiomba Mungu nisichelewe.

Sikuchelewa. Fundi wa mitambo, Varkey, Mmalayali wa kusini mwa India mwenye masharubu ya kufagilia barabara, alikuwa ameikwepa kazi ile wiki nzima. Leo diski ya grainda, ile mashine ya kusagia chuma, imevunjika, kesho waya umeliwa na panya. Lakini Kamanda Ghorpade, nahodha wa meli, alikuwa amechungulia kengele mchana ule akakuta majina yapo, na admirali anatarajiwa kabla ya jua kuzama aikabidhi kwa shule. Nikamkuta Varkey amechuchumaa chini ya kengele, grainda mkononi, waya umechomekwa, na Kamanda amemsimamia.

"Shikamoo Mama Furtado," Varkey akasema haraka, na nikaona jinsi alivyofurahi kuniona.

"Mama, chai iko kule nyuma," Kamanda akasema. Hakuwa mtu mbaya, Ghorpade, na hilo ndilo lililoniudhi. Mtu mbaya unamtukana ukamaliza.

"Chai nitakunywa kwangu, afande. Nimekuja kumwona mwanangu."

Nikaingiza mkono ndani ya kengele mpaka kwenye kiwiko. Vidole vyangu havikuhitaji macho. A, L, E. Palikuwa na ubaridi wa shaba na harufu ya dawa ya kung'arishia.

"Toa mkono, mama. Kazi inaendelea."

"Sitoi."

"Kengele ni mali ya serikali."

"Na mkono ni mali yangu. Sageni vyote viwili, tuone serikali itakavyoandika."

Varkey akakohoa. Kamanda akatazama nyuma kuona kama wageni wamesikia, akainama, akapunguza sauti.

"Sikiliza. Hili jambo nimelifikiria, mimi pia nina watoto. Kamati ilikosea kuhusu mwanao. Varkey atasaga hayo sita tu, la mwanao litabaki. Nitalijibia mwenyewe. Heri nusu shari kuliko shari kamili, au siyo?"

Nisiseme uongo, mkono ulilegea. Ndicho nilichokijia. Ningesema ahsante afande, ningekunywa chai, ningerudi kwangu nimeshinda. Varkey alikuwa ameshaweka kidole kwenye swichi. Nikaanza kuutoa mkono, na vidole vikapita juu ya majina yaliyo chini ya lile la Aleixo. Maud na Edith Tranter, mapacha wa mwaka wa arobaini na mbili.

Hao nawajua. Kila siku ya Marehemu Wote, tangu nimzike wangu, nimewawashia mshumaa wote saba, hata walio hai, kwa sababu sijui nani yu hai. Huwa nasema, Bwana, wewe chagua mwenyewe. Na mara nyingi nimemwaza baba yao. Mtu anapanda distroya mwaka ule, nyambizi zimejaa baharini, hajui kama atarudi, basi analeta mapacha wake wabatizwe kwenye kengele ya meli ili kitu chochote kikimpata wawe wamepita mikononi mwake. Mke wake alisimama pale pale niliposimama mimi. Alishika blanketi kama nilivyoshika mimi. Nikaona haya, wallahi, nikaona haya mbele ya mwanamke nisiyemjua.

Nikaurudisha mkono ndani, hadi begani.

"Wote au hamna," nikasema.

"Mama, hao ni watoto wa watu waliotutawala."

"Walitutawala wakiwa kwenye nepi?"

"Nimekupa la kwako!"

"Na mimi nimekataa. Mwanangu hatakaa kwenye nyumba ambayo wenzake wametupwa nje. Amezoea kukaa nao. Kama ni kusaga, nisagie na wangu, lakini utanisaga mimi kwanza."

Uso wa Kamanda ukabadilika. Upole ukamwishia, na mimi simlaumu, gari la admirali lilikuwa limeshaonekana likiingia getini. Akapaza sauti.

"Mpishi Furtado!"

Caitan akaja kutoka jikoni, aproni nyeupe, unga wa sambusa hadi viwikoni. Akaniona nilivyo, kiatu kimoja kimenitoka, mkono umemezwa na kengele, akasimama wima.

"Furtado, mwondoe mkeo. Hiyo ni amri. Unastaafu kesho kutwa na beji zako zote. Usinilazimishe."

Akanisogelea. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mume wangu hatua zile chache.

"Toa mkono, Piedade."

"Na wewe? Caitan, na wewe!"

"Toa mkono, mke wangu," akasema taratibu, "nisije nikakuumiza vidole."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake. Nikautoa. Naye akashika kamba ya ulimi wa kengele kwa mikono miwili, akaanza kuipiga. Hakuipiga moja moja kama ya saa. Aliigonga bila kupumzika, kwa nguvu zote za mtu aliyekoroga masufuria ya watu mia mbili maisha yake yote.

Wewe hujui, nami nilisahau, lakini kila baharia anajua tangu siku ya kwanza. Meli ikiwa bandarini, kengele ikigongwa mfululizo namna ile ina maana moja tu, kwamba kuna moto. Uwe unaoga, uwe unasali, uwe umemshika mkono admirali, unakimbia.

Walikimbia! Watu waliovaa nyeupe za sherehe walivuta mipira ya maji kutoka kila upande. Wake zao walipiga mayowe. Baharia mmoja alifungua maji kabla ya wakati, yakaipata kamati ya sherehe na meza nzima ya sambusa, Mungu anisamehe, nilicheka. Na mafundi wa umeme, kama kanuni inavyotaka, walikata umeme upande wote wa mbele. Grainda ya Varkey, ambayo kidole chake kilikuwa kimeteleza kikaiwasha, ilinguruma kidogo ikakata roho mkononi mwake. Varkey akaitazama kwa huzuni kubwa, masharubu yakitetemeka.

"Moto uko wapi?" Kamanda akafoka, maji yakimtiririka kofiani. "Furtado! Moto uko wapi?"

Caitan akaiachia kamba. Kengele ikaendelea kuvuma yenyewe, kisha ikanyamaza. Mabaharia wote walikuwa wamesimama na mipira mikononi wakimsubiri, na chini gatini admirali alikuwa ametoka garini anatazama juu.

"Huu hapa, afande," akasema, kwa ile sauti ya kuita watu chakulani. "Watoto saba wanachomwa majina yao. Mmoja ni wangu, anaitwa Aleixo."

Nilimtazama yule mwanaume ambaye chakula chake nilimpa paka, nikatamani dunia nzima iwepo kumwona.

"Washeni umeme," Kamanda akasema.

Ofisa wa zamu ya moto, kijana mrefu wa Kipunjabi, akapiga saluti. "Afande, kengele ya moto imelia. Umeme haurudishwi mpaka meli yote ikaguliwe, chumba kwa chumba. Ni agizo lako mwenyewe, afande."

"Basi kagueni!"

"Ndiyo, afande." Wakaenda kukagua. Nimeona mabibi harusi wakitembea haraka kuliko walivyotembea wale. Walifungua kila kabati, wakanusa kila blanketi. Varkey akasema kwa heshima zote kwamba chumba cha boila namba mbili kina pembe nyingi sana.

Kamanda akatazama jua. Nami nikalitazama, lilikuwa limeinama juu ya paa za Colaba. Na jua, rafiki yangu, halina kamanda. Likizama, tarumbeta hupigwa, bendera hushushwa, na meli inayostaafu siku hiyo si manowari tena wala nahodha wake si nahodha wake. Ghorpade aliijua desturi hiyo kuliko sisi sote. Alivua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena vizuri, akaenda kumpokea admirali.

Tarumbeta ikalia. Bendera ikashuka taratibu, na hapo hata mimi nilifanya ishara ya msalaba, kwa sababu meli ile ilikuwa imefanya kazi za watu miaka thelathini na sita bila shukrani, na sasa inakwenda kukatwa. Kengele ikafunguliwa, ikakabidhiwa kwa mwalimu mkuu wa shule mbele ya wageni waliolowa, majina yote saba ndani.

Kesho yake Caitan aliitwa ofisini. Nilimsubiri nje ya geti juani. Aliniambia baadaye kwamba Kamanda alimpa nafasi. Sema ulinusa moshi, ukakosea, mambo yaishe. Caitan akajibu, "Hapana afande. Andika nilipiga makusudi." Wakamvua beji zote. Alitoka mkono mtupu, kitambaa mahali zilipokuwa kimebaki cheusi kuliko sehemu nyingine ya shati, na alitembea kifua mbele kama aliyevishwa nishani. Nilimshika mkono barabarani, kitu ambacho hatukuwahi kufanya hata tulipokuwa wachumba.

Indrayani waliikata Darukhana kabla ya mvua. Sikwenda kutazama. Lakini mwaka uliofuata tulipanda basi hadi Panchgani, mimi na yeye, na mlinzi wa shule akatuonyesha kengele. Wameitundika nje ya bwalo la chakula. Nikaingiza mkono nikawapitia wote, Maud, Edith, wote, hakuna aliyeguswa. Adhuhuri mlinzi akasema tusogee kando, akaipiga.

Mwanangu alikufa kwa kushindwa kunyonya. Ziwa lilijaa, likavimba, likaniuma, na yeye hakuweza, sikutaka kulisema hilo kwa mtu yeyote. Sasa yeye na wenzake ndio wanaowaita watoto wa watu kula, mara tatu kwa siku, na wale wavulana wakaja mbio kutoka kila mlango, mamia yao, wakisukumana, wana njaa. Caitan alilia waziwazi mbele ya mlinzi, na mimi sikumwambia anyamaze.